Mwalimu, Umesubiri Sekunde Ngapi?

Ndugu walimu, leo nasemea utafiti mdogo ambao mwalimu anaweza kuufanya mwenyewe darasani. Mlionisikia Dodoma na Morogoro mnajua ninakoelekea; nivumilieni.

Ugomvi wa lugha ya kufundishia, Kiswahili au Kiingereza, siuingii leo. Mwaka 1984 watafiti wawili Waingereza, Clive Criper na William Dodd, walitazama sekondari zetu za Tanzania, wakakuta wanafunzi wengi hawaambulii kitu kwa Kiingereza, kisha wakapendekeza Kiingereza kiendelee! Tunabishana hadi kesho. Huku nyuma, mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili keshaingia kidato cha kwanza, kunakofundishwa kwa Kiingereza, yuko mbele yako.

Nikitaja utafiti mnawaza kibali, bajeti na profesa. Mimi nasemea simu iliyo mfukoni mwako. Rekodi kipindi kimoja, jioni sikiliza jambo moja tu: ukishauliza swali, unasubiri kwa muda gani kabla hujaita jina jingine au kujijibu mwenyewe?

Mtafiti Mary Budd Rowe alipima hilo katika madarasa ya sayansi Marekani, matokeo yakachapishwa miaka ya 1970. Walimu walisubiri kama sekunde 1. Waliofikisha 3 walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi wanaoshindwa kujibu wakapungua. Sasa mtoto wetu aelewe swali, atafute jibu kwa Kiswahili, alivushe kwenye Kiingereza, achunge wakati uliopita, na amwombe Mungu asichekwe. Sekunde 1?

Mwalimu mmoja, simtaji, aliniapia kwamba yeye husubiri. Tukasikiliza rekodi yake. Swali, jina, jina jingine, anajijibu, halafu "Tumeelewana?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Akasema simu ni mbovu. Lakini kesho yake akaanza kuhesabu vidole kabla ya kuita mtu. Baadaye akaongeza kingine: wanong'onezane kwanza na jirani kwa Kiswahili, ndipo wajibu kwa Kiingereza. Akarekodi tena, akalinganisha. Binti wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa akisikika kabisa, akasikika. Sarufi ilipinda, sawa, ila sentensi ilikuwa yake mwenyewe. Mnataka utafiti gani mwingine? Umeona, umebadili kitu kimoja, umeona tena. Ukibadili vitano kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia.

Najua kuna anayeguna huko nyuma: "Nina wanafunzi 90, na silabasi haiishi." Kwani sasa inaisha? Unafika nayo mwisho peke yako, abiria wote umewaacha kituoni. Na kwa hao 90, fuatilia safu 2 tu, nyingine wiki ijayo.

Nilitaka kusema pia juu ya madaftari, kwamba kabla ya kumwaga wino mwekundu uorodheshe makosa yanayojirudia, lakini mwenyekiti ameshatazama saa. Mwenye simu isiyorekodi amwombe mwenzake akae nyuma na karatasi. Ila mwenzake huyo asiwe mkuu wa shule, maana hapo hata wewe utakuwa bubu.