Mgeni Wako Anaruhusiwa Kukaa Marekani Mpaka Lini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo tunazungumza na nyinyi mnaoishi Marekani na kuwapokea wazazi, shangazi na wadogo zenu wanaokuja kutembea kwa viza ya B-2. Mgeni hutoka nyumbani akiwa na nia ya kukaa miezi 4 au 5, halafu linazuka jambo: mtoto kazaliwa kabla ya siku zake, daktari kasogeza upasuaji, familia imepata msiba. Sheria inaruhusu kuomba muda zaidi, na ombi lenyewe halina ugumu mkubwa. Kinachowaponza watu ni tarehe.

Kwa hiyo tuanze na tarehe. Viza iliyobandikwa kwenye paspoti humwezesha mgeni kufika mpakani na kuomba kuingia. Muda wa kukaa ndani ya nchi hutolewa na afisa wa mpakani siku hiyohiyo anapotua, na huandikwa kwenye kumbukumbu iitwayo I-94. Kwa mgeni wa B-2, kawaida ni miezi 6. Mama anaweza kuwa na viza ambayo bado ina miaka miwili, na hapohapo akawa amezidisha muda wa kukaa. Kinyume chake pia ni kweli: viza ikiisha akiwa huku, haimdhuru maadamu I-94 yake haijafika mwisho.

Anayekuja kwa ndege hapewi kikaratasi cha I-94. Kumbukumbu iko mtandaoni, kwenye i94.cbp.dhs.gov. Mgeni akishapumzika, kesho yake kaeni naye, jazeni majina kama yalivyo kwenye paspoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya paspoti, kisha mtafute mstari wenye maneno "Admit Until Date". Uchapisheni ukurasa huo, na muupige picha pia kwa simu. Tazameni pia daraja aliloingizwa kwamba ni B-2, na kwamba jina halikukosewa. Kosa likionekana, ofisi za CBP, hao maafisa wa mpakani, zinaweza kulirekebisha, na ni rahisi zaidi wiki ya kwanza kuliko mwezi wa tano.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni mpangilio wa tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku. 03/04 kwao ni Machi 4. Ukiisoma kwa mazoea ya nyumbani utaiona Aprili 3, na mgeni wako atakuwa amepitiliza kwa siku 30 akidhani yumo ndani ya muda. Andikeni tarehe hiyo kwa maneno mahali panapoonekana na kila mtu. Mtego wa pili ni paspoti inayokaribia kuisha. Afisa anaweza kukata muda wa mgeni uishie na paspoti yake, hata kama wenzake wote wa ndege ileile wamepewa miezi 6. Ndiyo maana tunasisitiza mzazi aombe paspoti mpya kabla ya kukata tiketi.

Kabla ya kuingia kwenye ombi, wapo wasioweza kuomba kabisa. Ndugu zetu wenye paspoti za Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine zinazoingia bila viza, kwa ESTA, yaani kibali cha safari kinachoombwa mtandaoni, wanapewa siku 90 na haziongezwi. Dharura ya kweli, mfano kulazwa hospitali, inaweza kumpa mtu hadi siku 30 za kuondoka bila kuhesabiwa mkosaji, lakini hilo huombwa kabla ya zile 90 kuisha. Aliyeingia kama msafiri wa kupita tu au kama baharia hawezi kuomba pia.

Sasa ombi. Fomu ni I-539, na hupelekwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS. Kwa mgeni wa B-2 nyongeza haizidi miezi 6 kwa ombi moja. USCIS inashauri ombi lifike angalau siku 45 kabla ya tarehe ya I-94. Ikiwa I-94 inaishia Novemba 10, basi lengo lenu liwe Septemba 26. Siku ya mwisho kabisa kisheria ni ile ya I-94 yenyewe, lakini anayesubiri siku hiyo hana nafasi ya kurekebisha lolote.

Mtandaoni ni bora. Tangu Aprili 1, 2024 ada ni dola 420 kwa anayetuma mtandaoni na dola 470 kwa karatasi. Soma ukurasa wa fomu siku unayotuma, kwa kuwa ada hubadilishwa. Faida kubwa zaidi ni risiti ya papo hapo. Ombi la karatasi huhesabiwa siku lilipopokelewa, si siku ulipolipeleka posta. Likikosa saini, au ada ikipungua, au fomu ikiwa ni toleo la zamani, bahasha yote inarudishwa na ile tarehe haihesabiki tena. Hapo ndipo watu wengi wenye sababu nzuri wanapoharibikiwa. Baba na mama waliokuja pamoja wanaweza kuomba kwa fomu moja na ada moja, mwenzi akijaza fomu ya ziada, I-539A, ikiwa ni karatasi. Dada wa mama aliyefuatana nao anaomba peke yake.

Moyo wa ombi ni barua. Maelekezo ya fomu yanataka ijibu mambo matatu: sababu ya kuomba, kwa nini kukaa huko ni kwa muda tu na mipango ya kuondoka ni ipi, na kama nyongeza hiyo itaathiri kazi au makazi ya mgeni huko kwao. Barua inayosema "mama anapenda kukaa zaidi na familia" haijajibu hata moja. Inayofaa inasema hivi: binti yangu amepangiwa upasuaji Oktoba 28, daktari ameandika kwamba atapona baada ya wiki 10 hadi 12, naomba kukaa hadi Februari 15, tiketi yangu ya kurudi imesogezwa hadi Februari 12, shamba langu Moshi linasimamiwa na mwanangu wa pili, na pensheni yangu inaendelea kulipwa. Kila sentensi hapo ina karatasi ya kuithibitisha: barua ya daktari, tiketi, hati ya shamba, taarifa ya pensheni. Omba muda unaolingana na sababu. Anayehitaji miezi 3 akiomba 6 kwa kuwa inaruhusiwa, anamfanya afisa aitilie shaka hata ile mitatu.

Onyesheni pia fedha za kumtunza: taarifa za benki za miezi ya karibuni, zake au za mwenyeji, pamoja na barua ya mwenyeji kwamba anamlaza na kumlisha. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili, iwe barua ya serikali ya mtaa au cheti cha kifo, lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa saini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Tunashauri asiwe mwombaji mwenyewe.

Jambo la wajukuu lazima tuliseme wazi, kwa sababu linatugusa wengi. Bibi kumbeba mjukuu ni jambo la kawaida katika kila nyumba. Lakini barua ikisema kwamba bibi anahitajika alee mtoto ili wazazi wote wawili waende kazini, afisa anasoma kwamba bibi anashika nafasi ya yaya, na mwenye B-2 haruhusiwi kufanya kazi. Msiandike uongo kamwe. Uongo kwenye fomu ni kosa linaloweza kumfungia mtu njia maisha yake yote. Ikiwa hiyo ndiyo sababu pekee, ushauri wetu ni bibi arudi kwa tarehe yake, aje tena siku nyingine. Masomo nayo hayaruhusiwi: kujiandikisha kwenye programu ya chuo akiwa na B-2 ni kuvunja masharti.

Ombi likishapokelewa, inakuja risiti, I-797C. Mgeni anaweza kuitwa kuchukuliwa alama za vidole, na akihama nyumba taarifa itolewe ndani ya siku 10. Majibu huchukua miezi, na mara nyingi I-94 hupita kabla hayajaja. Aliyeomba kwa wakati anaruhusiwa kusubiri. Ila ruhusa hiyo inakatika jibu likiwa hapana: siku inayofuata hesabu ya kukaa bila kibali inaanza, na aondoke haraka. Uamuzi huo haukatiwi rufaa. Kinachoweza kuombwa ni idara iupitie upya. Msisubiri pia kupita ile tarehe mliyoiomba wenyewe. Mliomba Februari 15, basi Februari 15 isimkute huku, jibu liwe limekuja au halijaja, isipokuwa mmetuma ombi jingine kabla yake kwa sababu mpya ya kweli.

Asiyeomba akapitiliza, hata kwa siku moja, viza yake inabatilika. Akizidisha zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, hawezi kurudi kwa miaka 3. Akifikisha mwaka, ni miaka 10. Hayo yanamkuta mzee ambaye pengine hakujua kusoma ile tarehe, na mwenyeji ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumsomea. Jihadharini na wanaojiita mawakala wa uhamiaji wanaotoza mamia ya dola kujaza fomu: mwenye haki ya kutoa ushauri wa kisheria ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na wizara ya sheria.

Mgeni akiondoka kabla ya jibu, ombi huhesabiwa limeachwa, na hakuna ubaya. Ahifadhi risiti ya I-797C, nakala ya I-94, kipande cha pasi ya kupandia ndege na muhuri wa kuingia nyumbani. Afisa wa ubalozi au wa mpakani akiuliza safari ijayo kwa nini alikaa miezi 9 wakati alipewa 6, karatasi hizo nne ndizo atakazomkabidhi.