Ghuba ya San Pawl il-Baħar: Jibu Langu kwa Wanaouliza Kama Niko Kazini au Likizoni

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo. Tangu nilipoweka ile video ya machweo, swali limekuwa moja tu: huku Malta nilikuja kufanya kazi au kuogelea? Sijibu ili nijisifu, wala sitaki kuonewa huruma. Najibu kwa kuwa sasa hata mama mdogo ananiuliza.

Ninaishi Buġibba, ndani ya ghuba ya San Pawl il-Baħar (neno hilo la mwisho ni bahari yetu ileile), na kutoka chumbani hadi majini ni dakika tano kwa miguu, bila kiingilio. Wanaolipa ni wanaokodi viti na miavuli. Tena msidhani ni mchanga kama wa Tanga: sehemu kubwa ni mwamba wa chokaa, na watu huteremka majini kwa ngazi za chuma. Kilichonishangaza mimi mtoto wa pwani ni kwamba maji hayapwi yakaonekana kupwa. Asubuhi na jioni yako kwenye mwamba uleule.

Anayetaka mchanga hupanda basi hadi Għadira, ghuba ya jirani, kwenye ufuko wa mchanga mrefu kuliko wote Malta. Hapo ndipo nilipoumia. Tangu Oktoba 2022 wakazi wenye kadi ya basi iliyosajiliwa kwa majina yao husafiri bure, lakini karatasi zangu za ukaazi zilikwama miezi saba kwa sababu mwajiri wangu wa kwanza alipeleka mkataba usio na sahihi, nami muda wote huo nikalipa nauli kama mtalii, huku kibali kikinifunga kwa mwajiri huyohuyo. Wakala aliyechukua fedha zangu nyumbani hakunieleza lolote kati ya haya, na hadi leo hapokei simu yangu.

Jumapili ndiyo siku yangu ya mapumziko. Hutembea hadi mnara wa Wignacourt, wa mwaka 1610, nikatazama vile visiwa viwili vilivyo mdomoni mwa ghuba, penye sanamu ya Mtume Paulo. Wenyeji huamini kwamba hapo ndipo ilipovunjika merikebu yake yenye watu 276, kama isemavyo Matendo ya Mitume. Ghuba imekingwa upande wa kaskazini-magharibi, lakini mdomo wake unaelekea kaskazini-mashariki, na wakati wa baridi upepo wa huko, waitao grigal, ukiingia, hata wavuvi hawatoki.

Kama uje au usije, siwezi kukuamulia, kwani haya ni yaliyonipata mimi. Ila kabla hujamlipa wakala, mwambie akuonyeshe mkataba wenye sahihi ya mwajiri.