Mnasihi Asiwe Mkono wa Nidhamu

Wakuu wa shule, walimu wenzangu, na wazazi mliopata nafasi ya kuja, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya mnasihi katika kumsaidia mwanafunzi. Mada ni pana, na nikianza kusoma orodha ya majukumu yake tutafika jioni tukiwa bado kwenye majukumu. Nitashika jambo moja tu. Mnasihi wa shule ana mtaji mmoja, nao ni kuaminiwa na wanafunzi. Mara nyingi anayempokonya mtaji huo ni shule yenyewe, tena kwa nia njema kabisa.

Turudi nyuma kidogo, maana historia inaeleza mkanganyiko tulio nao leo. Kazi hii ilianzia kwenye ajira. Mwaka 1908 Frank Parsons alianzisha ofisi mjini Boston, Marekani, ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kijana ajijue, azijue kazi zilivyo, kisha ayapime hayo mawili kwa akili yake. Baadaye akaja Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye alisema anayesaidiwa ndiye mwenye kujua panapomuuma, na kazi ya mshauri ni kumsikiliza kwa namna itakayomwezesha kuona njia yake mwenyewe. Mwaka 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, Wamarekani wakashtuka, na mwaka 1958 bunge lao likapitisha sheria ya elimu iliyotenga fedha za kuwafunza wanasihi. Nia kubwa ilikuwa kuwabaini vijana wenye vipaji, hasa vya sayansi, wasipotee njiani.

Kwa hiyo mnasihi wa leo amerithi kazi tatu: kuelekeza, kusikiliza, na kuchuja vipaji. Tayari hazipatani vizuri. Kisha shule zikamwongezea ya nne, ambayo hakuna mwananadharia aliyeipendekeza: kutuliza wakorofi.

Mnajua inavyokuwa. Wanafunzi wawili wamepigana. Kamati ya nidhamu inakaa, inatoa adhabu, na mwisho wa barua inaongeza mstari: "na ahudhurie unasihi mara tatu." Unasihi umeshakuwa sehemu ya adhabu. Au mnasihi mwenyewe ni mjumbe wa kamati hiyo. Jumatatu mtoto amemweleza kwamba baba amehama nyumbani, Alhamisi anamkuta mezani anapiga kura ya kumsimamisha masomo. Hata kama kura ile ilikuwa ya kumtetea, mtoto hakuiona. Alichoona ni sura. Na habari hiyo haihitaji ubao wa matangazo. Kufikia mapumziko darasa zima linayo.

Kuna na vitu vidogo tusivyovifikiria. Kiranja anatumwa darasani katikati ya kipindi, anasimama mlangoni na kutamka jina: "Unaitwa na mnasihi." Vichwa arobaini vinageuka. Hapo mtoto ameshaanikwa kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Karatasi ya wito ifanane na karatasi ya maktaba au ya ofisi ya karo, iletwe na mwalimu wa kipindi, isomwe na mwenyewe kimya. Haina gharama yoyote. Na chumba kisiwe kile kinachopitiwa na kila anayekwenda kwa mkuu wa shule.

Sasa nije kwenye siri, maana hapa ndipo nataka tukae.

Wanasihi wengi wapya humwahidi mtoto, "Chochote utakachoniambia kitabaki kati yetu." Ahadi tamu, lakini haitekelezeki. Siku mtoto atakaposema jambo zito, mnasihi atalazimika kuivunja, na mtoto atajifunza kwamba watu wazima husema uongo pale anapowahitaji zaidi. Mipaka isemwe mapema, katika dakika ya kwanza, kwa lugha ya kawaida. Kitu kama hiki:

"Karibu, keti. Kabla hujaniambia lolote, nikueleze ninavyofanya kazi. Tutakayozungumza humu siyatoi nje. Ila kuna mambo matatu siwezi kuyanyamazia: ukiniambia unataka kujidhuru, ukiniambia unataka kumdhuru mtu, au ukiniambia kuna mtu anakudhuru wewe. Hayo nitamwambia anayeweza kusaidia, na kabla sijamwambia, utajua wewe kwanza."

Halafu anyamaze, mtoto aulize. Wengi huuliza swali la akili sana: "Na mwalimu wangu wa darasa je?" Ajibiwe wazi.

Mipaka hiyo mitatu haikubuniwa ofisini kwa mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa, ibara ya 12, na haki ya faragha, ibara ya 16. Lakini ibara ya 19 inadai alindwe dhidi ya ukatili wa kila namna, ukiwamo wa wanaomlea. Huwezi kutimiza ile ya 19 ukiwa umefunga mdomo moja kwa moja. Na kuhusu kumdhuru mtu mwingine, kesi inayotajwa sana katika mafunzo ya fani hii ni ya Tarasoff, ambayo Mahakama ya Juu ya California iliitolea uamuzi mwaka 1976: mtaalamu wa tiba ya akili anayejua kwamba mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo. Sheria zinatofautiana nchi hadi nchi, na kila mnasihi anapaswa kuisoma ya kwake, lakini mantiki imesambaa.

Hata mipaka ikishasemwa, msitarajie mtoto aje na tatizo lake mkononi. Anakuja na udhuru. Anataka kubadilisha somo. Kichwa kinamuuma kila Jumatatu. Au, huu ndio udhuru mkongwe kuliko wote, shida si yake, ni ya rafiki yake. Tuseme msichana anauliza kama mtu anaweza kuacha fizikia katikati ya mwaka. Mnasihi mwenye haraka anarukia, "Niambie ukweli, una tatizo gani?" Mlango unafungwa hapo. Mwenye subira anajibu kwanza swali la fizikia, kikamilifu, kana kwamba ndilo jambo zima, kwa sababu huenda ndilo. Kisha anauliza kipindi cha fizikia huwa saa ngapi, anakaa na nani. Huenda akagundua shida ni anayekaa kiti cha nyuma yake. Na yule wa "rafiki yangu" asilazimishwe kukiri. Zungumza naye kuhusu huyo rafiki. Msaada utamfikia anayehusika kwa vyovyote.

Kuna swali moja ambalo walimu wengi wanaliogopa, nami nalitaja kwa sababu woga huo unagharimu maisha. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Bado mtu mzima akihisi mtoto anawaza hivyo, anazunguka mbuyu: "Mambo yakoje? Unajisikiaje siku hizi?" Anaogopa kwamba akilitaja neno atakuwa amempa wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na shirika hilohilo linasema wazi kwamba kuuliza hakumchochei mtu. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Basi aulizwe moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, aulizwe kama ana mpango na kama ana kitu cha kuutekelezea. Kuanzia hapo haachwi peke yake hata kwa dakika ya kwenda msalani, mlezi anaitwa, na huduma ya afya inatafutwa siku hiyohiyo. Isiwe kesho baada ya mtihani.

Na hapo mnasihi anafika mwisho wa uwezo wake, jambo lisilomwondolea heshima. Yeye si daktari wa magonjwa ya akili. Kazi yake ni kutambua, kushikilia, na kukabidhi, kisha kubaki karibu mtoto anaporejea darasani. Hata kumbukumbu zake ziheshimu mpaka huo: aandike "amesema hajalala usiku tatu mfululizo", asiandike "ana sonona". La kwanza amelisikia kwa masikio yake. La pili litamfuata mtoto kwenye faili miaka mingi, nalo huenda si kweli.

Upande wa masomo na kazi sitakaa sana. Ndio upande ambao shule nyingi zinaufahamu. Niseme tu kwamba kumtajia mwanafunzi alama za kuingilia chuo si kumwelekeza. Parsons alitaka kijana ajijue kwanza, na miaka zaidi ya mia moja baadaye bado tunaanzia kwenye orodha ya vyuo.

Niguse idadi, kwa ajili ya wakuu wa shule. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na asilimia 80 ya muda wake iende kwenye huduma kwa wanafunzi. Chukulieni shule yenye wanafunzi 1,000 na mnasihi mmoja. Akiona watoto watano kwa siku, nusu saa kila mmoja, atahitaji siku 200 za shule kuwaona wote mara moja. Yaani mwaka mzima wa masomo, kila mtoto nusu saa, na hakuna wa kurudi mara ya pili. Mara nyingi mtu huyohuyo amepewa pia vipindi kamili vya kufundisha, na zamu. Kama hamwezi kumwongezea mwenzake, basi mpunguzieni vipindi, na mumwache aingie madarasani kuzungumza na wanafunzi kwa makundi. Ninyi walimu wa darasa muwe macho yake: mnaona alama zilizoporomoka ghafla, mnaona aliyehama kutoka kwenye kundi lake na kwenda kukaa peke yake. Mwambieni mlichoona. Msimwulize baadaye mtoto alisema nini.

Kabla ya kikao mzazi mmoja alinipa swali kwenye karatasi, nami nitalijibu hapa mbele ya wote. Anauliza: "Mimi ndiye mzazi. Kwa nini mnasihi anifiche anachosema mwanangu?" Ana haki ya kuuliza, na "halikuhusu" si jibu, kwani katika nchi nyingi sheria inampa mzazi sauti kubwa juu ya mtoto mdogo. Mnasihi anaweza kumweleza mzazi kama mtoto yuko salama au la, na kwa jumla wanashughulikia nini. Undani amwachie mtoto mwenyewe. Amwulize mtoto: "Ungependa mama ajue lipi, na nani amwambie, wewe au mimi?" Wengi, wakipewa uchaguzi huo, huchagua kusema wenyewe, mnasihi akiwapo chumbani. Wakichagua mnasihi aseme, wakubaliane kabla maneno yatakayotumika. Na mzazi akija bila miadi akidai daftari, akaribishwe, asikilizwe mpaka amalize, apangiwe kikao cha watatu ndani ya wiki hiyo. Daftari libaki kabatini, na kabati liwe na kufuli.

Haya, leteni maswali mengine.