Buick yangu, chumvi ya Ohio na Ami wa Mwembeladu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo hamnioni na lile koti kubwa wala theluji nyuma yangu. Nipo Unguja, Mwembeladu, gerejini kwa fundi wangu Ami, na hiyo kelele ni grainda, kuna kijana pale anakata bodi ya keri, vile vigari vidogo vya mizigo. Nitapaza sauti, nivumilieni.

Tangu niwaoneshe ile Buick, gari yangu ya zamani ya Kimarekani, swali ni moja tu: umeshaiuza? Sijaiuza. Ipo Columbus, Ohio, imefunikwa turubai inanisubiri. Kwa waliochelewa, ni Electra 225 ya mwaka 1966, V8 ya lita 6.6, otomatiki. Hiyo 225 ni inchi. Electra 225 za mwanzo, za 1959, zilikuwa na urefu huo, karibu mita 5 na sentimita 72. Yangu fupi kidogo, lakini upana unafika mita 2. Dada yangu kaniuliza kwa nini siileti nyumbani. Niilete niipitishe wapi, vichochoro vya Mkunazini? Ikiingia pale haitoki mpaka ikatwe vipande.

Sasa kisa chenyewe. Kilianza na taa. Usiku nikikanyaga breki, taa za dashibodi zinafifia, indiketa inaganda, redio inakoroma. Nikiachia breki, kila kitu kinarudi. Mie nikasema uzee, gari ya 1966 bwana. Halafu giaboksi nayo ikaanza vituko: kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili inachelewa, injini inalia, kisha inaingia kwa kishindo kama mtu kakupiga teke la mgongo. Nikisimama kwenye taa za barabarani moshi mweupe unatoka nyuma, walio nyuma yangu wanafunga vioo. Na oili ya giaboksi inapungua. Nikaweka boksi la karatasi chini ya gari usiku kucha, asubuhi kavu. Hakuna hata tone.

Nikaipeleka gereji moja kule. Wakaisikiliza dakika kumi, wakasema giaboksi imekwisha, ishushwe ifunguliwe yote, na nyaya zote zibadilishwe. Bei waliyoniandikia siitaji, mama anaangalia video hii.

Usiku ule saa tano nikampigia Ami. Huku ilikuwa saa moja asubuhi, ndiyo kwanza yupo kwenye chai. Ami hajawahi kuigusa Buick maisha yake. Nikamrushia picha za chini ya gari. Badala ya kuniuliza giaboksi, ananiuliza, "Kwani huko unakaa ufukweni?"

Nikamwambia Ami, bahari huku ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari.

"Basi kutu yote hii imetoka wapi?"

Nikamweleza kwamba wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. "Wanamwaga chumvi kwa makusudi? Gari zikipita?" Mpaka leo hajalimaliza jambo hili, jana alikuwa anawahadithia watu barazani kama kichekesho. Lakini baada ya kucheka akasema: basi hiyo ni gari ya ufukweni, anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Na hapa nataka mafundi wadogo mnisikilize. Kwenye gari hizi hasi ya betri inafungwa kwenye injini. Taa na dashibodi zinarudishia umeme kwenye bodi, na kutoka bodi kwenda injini upo mkanda wa waya wa kusuka. Ule mkanda ukiliwa na kutu, umeme hausimami, unatafuta uchochoro mwingine. Wangu ulikuwa unapita kwenye kebo ya spidomita! Niliishika, ina joto. Ndiyo maana taa za breki zikiwaka, dashibodi inanyang'anywa umeme.

Ami hakuniambia ninunue kitu. Kasema chukua waya mnene, mguu mmoja hasi ya betri, mguu mwingine kwenye chuma kitupu cha bodi, washa taa, kanyaga breki. Wallahi taa ziliwaka kama za harusini. Kabla ya hapo nilipima kwa mita kati ya bodi na hasi, taa zikiwa zimewashwa: zaidi ya volti 2, wakati inatakiwa isizidi hata robo ya volti moja. Nikapiga msasa pale bolti inapokaa, nikafunga mkanda mpya, nikapaka grisi. Mambo ya nyaya yakaishia hapo.

Bado giaboksi. Ami akafikiri kwa njia ya keri. Mnajua keri ikivuja silinda ya breki kwa ndani, mafuta yanaingia kwenye sevo, lile kopo la kusaidia breki linalovutwa hewa na injini, na injini inayavuta na kuyaunguza? Chini pakavu, nyuma moshi mweupe. Akauliza, "Hiyo giaboksi ina mpira unaokwenda kwenye injini?"

Ina! Giaboksi ya enzi ile haina kompyuta. Ina kikopo cha bati pembeni, wanakiita modyuleta, ndani kina ngozi nyembamba ya mpira, na bomba la vakyumu, yaani mvuto wa hewa, linatoka kwenye injini. Ukikanyaga mafuta kidogo, mvuto ni mkubwa, gia zinaingia mapema na kwa ulaini. Ukikanyaga sana, mvuto unapungua, gia zinachelewa na kuingia kwa nguvu. Ile ngozi ikitoboka, giaboksi inadhani siku zote nimebeba magunia ya karafuu napanda vilima vya Pemba. Na kupitia tundu lile lile injini inainywa oili.

Nikalala chini kwenye baridi ile, vidole vimekufa, nikachomoa mpira. Oili nyekundu ikanidondokea shingoni. Sijawahi kufurahia kuchafuka namna ile. Kikopo kinashikwa na bolti moja tu. Kipya nilikinunua kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini, nikaongeza oili, moshi ukaisha siku ile ile.

Haijapona yote, nisiwadanganye. Ukikandamiza pedeli ya mafuta mpaka chini inatakiwa irudi gia moja ili ipate kasi, yangu hairudi. Kazi hiyo inafanywa na swichi ya umeme huku juu na sumaku ndani ya giaboksi. Ami anasema nikifika niwashe swichi ya gari bila kupiga stata, nikandamize pedeli, na mtu asikilize chini kama inalia "tak". Ikilia, umeme unafika. Kule wa kumlaza chini ya gari ni jirani yangu mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, sijui nitamwombaje.

Haya, Ami ananiita nikamshikie taa. Ameshaniita mara mbili, ya tatu atakuja na spana.