Tuliangalie na Karai

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Nashukuru kualikwa hapa Sinza, maana ninachokuja kukisema mnakiishi kila usiku.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye banda la chipsi jirani na Mwenge tangu magharibi mpaka saa nne, nikitazama karai tu. Mafuta yalikuwa meusi kabla kiazi cha kwanza hakijaingia. Yakipungua, kijana anaongeza kidogo juu ya yale yale ya jana. Mteja anasimama upande wa pili, anaona kabati la kioo, kuku wana rangi ya kuvutia, anasema, "Nifanyie zege, chipsi kwa mayai mawili." Karai halioni.

Mtu huyu akipata kisukari au presha akiwa na miaka 38, tunamwambia amejitakia. Maneno hayo nimeyasikia wodini, nimeyasikia hata msibani, na yananiuma sana.

Amejitakia vipi? Anashuka kwenye daladala saa tatu usiku akitoka Kariakoo. Mama lishe wa wali maharage alishafunga zamani. Chumbani kwake, kuwasha mkaa apikie mtu mmoja ni kazi ya saa nzima. Mtaa mzima kinachowaka taa ni banda la chipsi.

Mzozo huu uliwahi kufika mahakamani. Mwaka 2002, wasichana wawili wa Bronx, New York, waliishitaki McDonald's wakidai chakula chake kimewanenepesha na kuwaharibia afya. Januari 2003 Jaji Robert Sweet aliitupa kesi: anayejua kwamba kula sana vyakula hivyo kunanenepesha, asimgeukie muuzaji. Wengi husimulia mpaka hapo. Lakini katika hukumu hiyo hiyo jaji alivitazama vipande vya kuku viitwavyo Chicken McNuggets, akaona vimetiwa vitu ambavyo mpishi wa nyumbani hatii, kwa hiyo huenda mlaji asiijue hatari yake. Akawaruhusu wadai warekebishe madai yao.

Mimi nasimama hapo hapo. Nilichokiona nikakila, nibebe mwenyewe. Nilichofichwa, abebe aliyekificha.

Chukueni soda ya mililita 350. Yenye gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100 inabeba gramu 35, vijiko vya chai karibu 9. Mama gani hapa angemtilia mwanawe vijiko 9 kwenye kikombe cha chai? Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asipitishe gramu 50 hivi kwa siku, na zikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Chile, tangu 2016, kinywaji chenye sukari nyingi kinabandikwa alama nyeusi mbele, hata asiyejua kusoma anaiona. Uingereza ilitangaza kodi ya soda zenye sukari, ikaanza Aprili 2018, na viwanda vingi vikapunguza sukari kabla siku yenyewe haijafika. Tabia za wanywaji zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni soda.

Kijana wa banda simlaani. Nchi yetu inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, sote tuliona bei ilivyoruka. Kwake yeye, kumwaga mafuta ni kumwaga faida ya siku. Lakini mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huharibika, yanafanya povu, yanatoa moshi upesi. Bwana afya niliowahi kuwaona wakikagua waliuliza cheti na aproni, karai hawakulichungulia. Nataka halmashauri zetu zianzie hapo, na kodi ya viwandani ifuate.

Na letu? Lipo. Soda ya pili ni yetu. Mtoto kupewa chipsi kila Jumamosi kama tuzo ni letu, na hapo sitamtetea mzazi yeyote, kwa sababu mtoto hana hela ya kujinunulia tembele.

Kesho jioni, kabla hujaagiza, zunguka nyuma ya kabati uangalie mafuta. Ukiyakuta meusi, mwambie kijana kwa heshima kwamba leo hununui, na umwambie ni kwa nini.

Naona mama pale nyuma ameshanyoosha mkono. Karibu, mama, uliza.