Hohenems: Mto wa Zamani wa Mpakani na Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

REHEMA: Wapenzi wasikilizaji, karibuni. Leo tunazungumzia Hohenems, mji mdogo wa jimbo la Vorarlberg, magharibi mwa Austria, unaopakana na Uswisi. Kaka Bakari, Wayahudi walifikaje huko?

BAKARI: Asante, Dada Rehema. Mwaka 1617 bwana wa eneo hilo, Kaspar wa Hohenems, alitoa hati ya kuziruhusu familia za Kiyahudi kukaa chini ya ulinzi wake, kwa kuwa alitaka biashara ya mji wake istawi. Walipata mahali pa kuzikia, na katika karne ya 18 wakajenga sinagogi. Huko ndiko alikozaliwa Salomon Sulzer mwaka 1804, ambaye baadaye aliongoza nyimbo za ibada mjini Vienna na kuzibadilisha kabisa. Sheria za 1867 zilipowapa uhuru wa kuishi popote, wengi walihamia miji mikubwa, hata ikafika 1938 wamebaki wachache sana.

REHEMA: Kisha Ujerumani ya Hitler ikaitwaa Austria mwezi Machi mwaka huo huo, na mji ambao karibu Wayahudi wake wote walikuwa wameondoka ukajaa Wayahudi wa Vienna waliokuwa wakitafuta njia ya kutorokea. Kwa nini hasa pale?

BAKARI: Kwa sababu ya mto, na jambo hili napenda tulielewe vizuri. Mto Rhine ndio uliokuwa mpaka, lakini mwaka 1923 ulinyooshwa ili kupunguza mafuriko, ukachimbiwa mkondo mpya unaopita upande wa pili wa kijiji cha Uswisi kiitwacho Diepoldsau. Mpaka wenyewe haukuhamishwa. Uliendelea kufuata mkondo wa zamani, ambao sasa maji yake yalikuwa machache na yaliyotulia. Kwa hiyo mtu aliyetoka Hohenems usiku hakuhitaji mashua wala daraja. Aliweza kuvuka kwa miguu na kujikuta Uswisi.

REHEMA: Ila Uswisi nayo ilifunga mpaka mwezi Agosti 1938, na waliokamatwa wakawa wanarudishwa.

BAKARI: Ndiyo, na hapo ndipo anapoingia Paul Grüninger, mkuu wa polisi wa jimbo la St. Gallen. Aliwaruhusu wakimbizi wabaki, na ili wasifukuzwe, aliandika kwenye karatasi zao kwamba walikuwa wameingia kabla ya mpaka kufungwa. Katika Diepoldsau palikuwa na kambi ya kuwapokea. Waliookolewa ni mamia, na makadirio mengine hufika 3,600.

REHEMA: Naomba tusimame hapo kidogo. Maisha ya mtu yalitegemea tarehe moja kwenye karatasi. Wasikilizaji wetu waliowahi kuishi Kakuma, Nyarugusu au Dadaab wanajua uzito wa karatasi kama hiyo bila kuelezwa.

BAKARI: Na yeye mwenyewe aliilipia gharama. Mwaka 1939 alifukuzwa kazi, akapoteza pensheni yake, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani kwa kughushi nyaraka na kukiuka wajibu wake, ikamtoza faini ya faranga 300. Aliishi kwa vibarua na kazi za muda hadi alipofariki mwaka 1972. Mwaka mmoja kabla ya hapo Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilikuwa imemtambua kuwa Mwenye Haki miongoni mwa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi, lakini mahakama ya nchi yake ilimfutia hatia mwaka 1995 tu, akiwa kaburini kwa miaka 23.

REHEMA: Nalo sinagogi la Hohenems?

BAKARI: Baada ya vita liligeuzwa kituo cha zimamoto, na likatumika hivyo kwa takriban miaka 50. Lilikarabatiwa mwaka 2004, likaitwa Ukumbi wa Salomon Sulzer. Makumbusho ya Kiyahudi ya mji yalifunguliwa mwaka 1991, katika nyumba iliyokuwa ya familia ya Kiyahudi ya Rosenthal. Na makaburi yale ya 1617 yangali pembeni mwa mji, yakitunzwa na chama kilichoanzishwa na wazao wa jamii hiyo huko Uswisi.

REHEMA: Ukitoka hapo kwenda Diepoldsau leo, unavuka ule mkondo wa zamani kwa daraja, nalo tangu 2012 linaitwa Daraja la Paul Grüninger.