Dumuzi Aliyeyashusha Mahindi Darini

Ndugu zangu, narudia lile lile: ubunifu huanza pale njia ya zamani inapogoma. Tumtazame dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi, huyu mnayemwita Skania.

Zamani mahindi yalikaa kwenye magunzi na maganda yake, darini juu ya moshi au kwenye kihenge. Fukusi walikula, lakini polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dumuzi akaingia Tabora, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, anayetoboa hata mti mkavu. Gunzi kwake ni neema, kwa sababu punje iliyoshikwa imara inampa pa kujikita. Punje iliyo huru inamtelezesha. Miezi michache tu, unakuta vumbi.

Ushauri ukawa: pukuchua! Neno moja, nyumba nzima ikabadilika. Punje hazikai darini. Zinataka gunia, na gunia linataka chumba. Dawa nayo ikabidi iwe ya viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, kwa sababu kinachomuua huyu hakimtoshi yule. Gramu 100 kwa gunia la kilo 100, unachanganya kwa koleo juu ya turubai. Tena mahindi yaliyopukuchuliwa, yaliyo guniani, mchuuzi anayapima hapo hapo mlangoni. Akiba ya chakula ikawa pia bidhaa. Aliyeleta hayo ni mdudu, msinibishie.

Mtasema dawa ilitosha. Haikutosha! Nguvu yake hupungua ghalani, na ya dukani huenda imeshapitwa na muda. Ndipo thamani ya mifuko isiyopitisha hewa inapoonekana. Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake waliibuni kwa ajili ya kunde za Kameruni: mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa kufumwa. Wadudu humaliza oksijeni, wakaacha kula, wakakauka.

Mifuko hiyo inaposhindwa, mara nyingi kosa ni unyevu. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha mahindi juani, la sivyo utafuga ukungu na sumukuvu. Ondoa vipande vya magunzi, vinatoboa mfuko. Kamua hewa, sokota shingo, kunja, funga. Kila mfuko peke yake.

Muda umekwisha. Mfuko uko hapa mezani, anayetaka kujaribu kuufunga aje.